Miti Iliyo Karibu Nasi

Wahenga walisema, Penye miti hapana wajenzi. Mimi, mwalimu wa shule ya kijiji huku Ugogo, nathubutu kuongeza ya kwamba penye miti hapana watazamaji pia. Mtu husafiri mwendo wa siku mbili kwenda kuona mlima au mbuga ya wanyama, akarudi na picha nyingi za kuwaonyesha jamaa zake; lakini mbuyu ulio nyuma ya nyumba yake, uliowapa kivuli babu zake, hana hata picha yake moja. Si kwamba auchukia. Hauoni, kwa sababu auona kila siku.

Jambo hili nalilijua nilipowauliza wanafunzi wangu wa darasa la sita habari za mkwaju ulio karibu na kisima chetu. Kila mmoja wao hupita chini yake kwenda kuteka maji, wala hakuna aliyeweza kusema matawi yake makubwa ni mangapi. Wengine walibisha kabisa kwamba mkwaju hauna maua. Basi tulikwenda kutazama, nao ulikuwa wakati wa maua: madogo, ya manjano, yenye mishipa myekundu kama iliyochorwa kwa kalamu nyembamba. Watoto walinyamaza. Kisha mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe tumeyakanyaga siku zote!"

Tangu siku ile tunayo kazi moja. Siku hizi simu nyingi za mkononi zina kamera, na yangu inayo. Kila mwisho wa mwezi twachagua miti michache ya kijiji, tukaipiga picha kila mmoja kutoka mahali pale pale na kwa saa ile ile. Kazi hii imetufundisha mambo matatu, nami nataka kuwaeleza ninyi wasomaji, maana hayahitaji fedha wala elimu kubwa.

La kwanza ni nuru. Saa sita mchana jua li utosini. Majani hung'aa mno, na shina huwa giza tupu. Lakini asubuhi mapema, au jioni jua linapoinama, nuru hulipiga gome kwa ubavu, na kila mkunjo na kila kovu huonekana. Mti ule ule uliodhaniwa kuwa wa kawaida huwa kama mzee mwenye habari nyingi usoni.

La pili ni kipimo. Mbuyu ukipigwa picha peke yake, asiyeujua hawezi kutambua ukubwa wake. Mwambie mtoto asimame penye shina, na mara moja mtazamaji atastaajabu.

La tatu ni saburi. Ua la mbuyu hufunguka jua likichwa. Ni kubwa, jeupe, nalo laning'inia kichwa chini. Usiku popo hulijia kunywa utamu wake, na kwa kufanya hivyo huchukua chavua kutoka ua hata ua. Kesho yake ua limenyauka na kuanguka. Atakaye picha yake, hana budi kungoja mpaka jioni ifike.

Tena katika kutazama tumejifunza asili ya majirani zetu hawa. Mkrismasi, unaowaka maua mekundu karibu na Noeli, asili yake ni Bukini. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, na mwembe ulitoka pande za Bara Hindi. Lakini mkuyu wa mtoni ni mwenyeji, nao ni wa aina ile ile ya mti aliopanda Zakayo. Watoto wengi walidhani mti ule ulikuwa wa nchi za mbali tu; kumbe wameupanda mara nyingi wao wenyewe.

Je, picha ya kila mwezi yafaa nini, na hali mti hauendi popote? Mti huenda, ila kwa mwendo wake. Huko Bagamoyo, penye misheni ya zamani, uko mbuyu ambao yasemekana ulipandwa mwaka 1868. Zamani ulifungwa mnyororo, wasema ni wa kufungia punda. Shina likazidi kunenepa mwaka kwa mwaka, likaumeza mnyororo, na sasa zaonekana pete chache tu. Aliyeutazama siku moja hakuona kitu kikisogea.

Sasa nitaeleza lililonihuzunisha. Mwaka jana mkwaju mwingine, uliosimama sokoni, ulikatwa ili kupanua uwanja wa magari. Kwa asubuhi moja kazi ilikwisha. Sisi tulikuwa na picha zake za miezi 14. Mzee mmoja akaja shuleni, akaomba kuziona. Akaisogeza simu karibu na macho, akanyosha kidole. "Wajukuu zangu," akasema, "chini ya tawi hili baba yangu aliketi barazani. Na hapa bibi yenu aliuza karanga." Mtoto mmoja akamwambia, "Babu, tutakupa picha hii iwe yako." Mzee akajibu, "Ahsante, mjukuu wangu. Picha ni nzuri. Lakini siwezi kukaa kivulini mwake."

Neno hilo sijalisahau. Picha huhifadhi sura ya mti, wala haihifadhi ubaridi wake, wala ndege wake. Kwa hiyo tusipige picha kama watu wanaoaga. Tupige picha ili tujifunze kuona, na tukiisha kuona, tuseme mapema.

Mwezi uliopita palitokea shauri la kuukata mkwaju wa kisimani nao, kwa kuwa mizizi yake yadhaniwa kupasua ukuta wa kisima. Wanafunzi waliomba ruhusa, wakazionyesha picha zao katika mkutano wa kijiji. Hawakuhutubu sana. Watu walipokezana picha, wakaanza kukumbushana nani alizaliwa mwaka gani mti ulipovunjika tawi. Mwisho wakakubaliana kumngoja fundi auchunguze ukuta kwanza. Shauri halijakwisha, nami sijui litakuwaje, lakini sasa hakuna asemaye, "Ni mti tu."

Ndugu msomaji, kesho asubuhi toka nje kabla ya jua kupanda, utazame mti ulio karibu nawe kuliko yote. Hesabu matawi yake. Ukiwa na kamera, upige picha. Usipokuwa nayo, mweleze mtoto wako ulichokiona. Kisha mpande mche pamoja, maana mbuyu ulianza kama mchicha, na mzee yule alikuwa akitafuta kivuli.