Nesi Aliyeniamini

Sisi wenye sikoseli hujifunza kulia kimya tungali wadogo. Ukipiga kelele, unadeka. Ukinyamaza, basi huumwi. Kuna kituo kimoja cha afya ambako mama aliambiwa, nami nikisikia, kwamba mwanawe amezoea sindano. Tangu hapo nikawa navumilia nyumbani kwa Panadol na maji ya uvuguvugu.

Masika moja maumivu yalinishika mapajani na mgongoni, usiku yakapanda kifuani. Kila nikivuta pumzi, mbavu zilichoma. Kaka akanipakia kwenye bajaji. Tulipofika chumba cha dharura, majeruhi wa bodaboda walikuwa wamejaa hadi ukumbini, nikajua nitaambiwa nisubiri. Mimi sina jeraha, sivuji damu. Seli zilizojikunja huziba mishipa midogo ndani kwa ndani, mfupa ukakosa oksijeni, na hakuna kipimo cha kuonyesha unavyouma.

Nesi wa zamu, mama wa makamo, aliniona nilivyojishika ubavu. "Ana sikoseli huyu?" Kaka akaitikia. Faili halikusubiriwa. Alinibana kipimo kidoleni, oksijeni ikasoma 86, akanivika barakoa palepale. Kisha akapiga magoti kando ya machela kutafuta mshipa. Mishipa yangu imechoka kwa kutobolewa, hujificha. Aliufunga mkono kwa kitambaa cha maji moto, akaupapasa bila haraka, akapata mmoja juu ya kidole gumba.

"Mwanangu, kati ya 0 na 10, yanauma ngapi?"

"Kumi, mama."

Hakubisha. Daktari aliandika mofini, yeye akaichoma taratibu huku akihesabu pumzi zangu, maana dawa hiyo ikizidi hupunguza upumuaji, na kifua changu kilishaelemewa. Baada ya muda alirudi kuuliza tena. Nikasema saba, akamfuata daktari nikaongezewa.

Baadaye nilisoma kwamba mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2012 unataka mgonjwa wa aina yangu apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Mama yule aliyatenda hayo katikati ya msongamano ule.

Niliongezewa damu, nikapona. Sasa natumia dawa ya haidroksiurea, na kifua kikibana sisubiri kupambazuke. Nikifika mapokezi nataja ugonjwa wangu na namba ya maumivu kwanza, jina baadaye.