Maikrofoni ya Imamu

Kamati yetu ya msikiti hapa Ngamiani, Tanga, ilipotafuta maikrofoni mpya, wengi waliuliza bei tu. Sisi tuliwafikiria kwanza kina mama wanaosali nyuma ya ukuta, ambao hawamwoni imamu na humfuata kwa spika pekee. Maikrofoni ya kusimama hunasa vyema kisomo, lakini imamu akishuka kusujudu, takbiri hupotea. Huko nyuma mmoja amesujudu, mwingine angali wima.

Ya kuvaa kichwani haipotezi sauti, ila kwa joto letu la pwani hubana sikio, huloa jasho na huteleza katika sijida. Imamu anayeshughulishwa na sikio lake atapataje khushuu? Tukachagua ya kubana kifuani mwa kanzu, shubiri moja chini ya kidevu. Nayo ina taabu yake: hunasa sauti pande zote, hata ya spika iliyo karibu, sauti ikazunguka mpaka ukatoka ule mlio mkali. Basi spika ya mbele tumeiondoa karibu na mihrabu na sauti tumeipunguza.

Wazee wawili wamelalamika kwamba msikiti umepoa. Kina mama wanasikia hadi salamu.