Kibwagizo cha Neno Moja

Je, kibwagizo chaweza kuubeba wimbo mzima? Naamini chaweza. "Tequila" ya The Champs, iliyorekodiwa Desemba 1957, iliwekwa upande wa pili wa santuri. Machi 1958 ikashika nafasi ya kwanza Marekani. Mtunzi wake, Danny Flores, ndiye aliyepuliza saksafoni, ala ambayo wapenzi wetu wa dansi huiita mdomo wa bata, jina tamu kuliko lile la kigeni. Wimbo hauna ubeti hata mmoja. Muziki husita, Flores hutamka jina lake, basi. Mara tatu tu. Sisi washairi hukirudia kibwagizo kila ubeti, kingojwe kisingojwe. Kabla sijastaafu, niliwasikilizisha wanafunzi wangu hapa Same; mara ya tatu walimtangulia Flores kulitamka.