Kila Dawa na Shahidi Wake

Afya ni mali ambayo mwenyewe huitambua thamani yake siku inapoanza kumponyoka. Siku hiyo washauri huwa wengi. Jirani huja na jani, mjomba huja na mzizi, rafiki hutuma habari kwa simu, na mchuuzi ndani ya basi la Nairobi hupaza sauti akisifu chupa moja itibuyo mgongo, tumbo, sukari na huzuni. Mgonjwa hana nguvu za kuchagua. Aghalabu atazamiwaye kumchagulia ni yule mtu wa nyumba hiyo ajuaye kusoma kuliko wengine. Na katika nyumba nyingi za Ukambani mtu huyo, ewe mwanafunzi, ndiwe wewe. Kwa sababu hiyo nataka kusema nawe juu ya jambo moja: shahidi wa dawa hujulikanaje kuwa ni mkweli?

Mimi ni mwalimu hapa Machakos. Katika chuo cha ualimu nilifunzwa namna ya kumfundisha mtoto kusoma; darasani nimejifunza kwamba msomaji hajamaliza kazi yake mpaka aulize mwandishi amejuaje ayasemayo. Watu hupenda kuzigawa dawa mafungu mawili, za hospitali na za kienyeji, kisha kila mtu akashika upande wake kama mshabiki wa mpira. Mgawanyo huo hautakusaidia. Mizani ya kupimia ni moja, nayo haitazami kama msemaji amevaa koti jeupe au amebeba mkoba wa ngozi.

Mtazame mwarobaini. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, na jina lake limetokana na sifa ya kutibu maradhi arobaini. Sifa si ushahidi. Mwenye busara huuliza: katika arobaini hayo, ni lipi lililopimwa, na nani, kwa wagonjwa wangapi?

Mwaka wa 2004 maswali ya namna hiyo yaliulizwa katika nchi yetu hii. Watu waligeuka manjano ya macho, wakaugua ini, wakafa kwa haraka. Msiba kama huo haukosi wasimulizi, na kila msimulizi huwa na sababu yake. Wachunguzi hawakutosheka na masimulizi. Waliwachukua wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, wakawauliza maswali yale yale, wakapima na mahindi yaliyokuwa katika nyumba zao. Ikadhihirika kwamba mahindi ya wagonjwa yalizidi kuwa na aflatoksini, ambayo ni sumu ya kuvu, na kwamba hatari ilikuwa kubwa kwa wale waliohifadhi ndani ya nyumba mahindi yenye unyevu. Watu waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui, na wengine wa Machakos na Thika.

Zingatia walivyofanya. Hawakuwatazama wagonjwa peke yao. Waliwalinganisha na wazima. Mtu akuambiaye, "Nilikunywa nikapona," huenda asiwe mwongo, lakini amekupa kipande tu cha habari. Wangapi walikunywa wasipone? Wangapi walipona bila kunywa? Mafua huondoka yenyewe, na dawa yo yote iliyonywewa siku ya tano hupata sifa isiyo yake.

Usidhani kwamba nasema haya ili kuwadharau wazee. Nchini Uchina, katika karne ya nne, tabibu Ge Hong aliandika juu ya mmea uliolowekwa katika maji na kukamuliwa kwa ajili ya homa. Baada ya miaka zaidi ya 1,500, mtafiti Tu Youyou alisoma maneno hayo akafahamu kwamba pengine moto ndio ulioharibu nguvu ya mmea. Akatumia njia isiyohitaji joto kali, na mwaka wa 1972 yeye na wenzake wakaimeza dawa hiyo wenyewe kwanza ili kujua kama ina madhara, ndipo wakawapa wagonjwa wa malaria. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Dawa ya malaria wanayopewa watu katika zahanati zetu leo ina asili hiyo. Walakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya majani ya mmea huo huo, kwa kuwa kipimo chake hakitabiriki, na dawa isiyotosha huweza kuwazoeza vimelea. Mzee alionyesha njia. Kipimo kikaonyesha mwisho wake.

Wala usidhani kwamba maabara haikosei. Mwaka wa 1990 ilitangazwa nchini Kenya, kwa shangwe na kwa vinywa vya wakubwa, kwamba dawa iitwayo Kemron ilikuwa na nguvu juu ya Ukimwi. Majaribio yaliyofuata, Uganda na kwingineko, hayakuona faida yake. Mwaka wa 2011 ikawa zamu ya kikombe cha Loliondo, nchini Tanzania, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alinywesha watu dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za huko. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, wengine wakifa njiani, na wako walioacha dawa zao za hospitali. Katika mambo hayo mawili tangazo lilitangulia na kipimo kikafuata nyuma.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alinijia baada ya masomo. Nyanya yake alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mtu wa sokoni alikuwa amewauzia chupa ya shubiri, ambayo Wakamba huiita kiluma, akawaambia sindano ya insulini iachwe. Nilimpa maswali manne akamwulize. Wewe unapata nini nikinunua? Ni wagonjwa wangapi waliotumia, na wangapi hawakupona? Dawa hii huweza kudhuru nini? Ni nani mwingine, asiyeiuza, asemaye kama wewe? Mwuzaji alikasirika katika swali la pili. Kijana akaenda kumwuliza nyanya mwenyewe, ambaye alikuwa mjuzi wa miti tangu ujana wake. Bibi yule alijibu, "Mama yangu alinifunza kiluma cha jeraha. Cha sukari hakunifunza." Wakaichukua chupa wakaipeleka hospitali, tabibu akawaeleza kuwa kuacha insulini kungeweza kumwua kwa siku chache. Sindano ikaendelea.

Mimi huona kwamba mwalimu bora wa siku ile alikuwa bibi yule. Alijua mpaka wa elimu yake akausema waziwazi. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya shahidi mwema, awe ni daktari au mganga.

Basi, unapotafuta habari ya dawa, anza kwa wazee, uandike jina la mti, sehemu itumikayo na ugonjwa uliotajwa. Kisha mwendee muuguzi au mfamasia, umweleze bila kuficha yote ambayo mgonjwa ametumia, maana dawa mbili huweza kugombana mwilini. Bodi ya Dawa na Sumu husajili dawa ziruhusiwazo kuuzwa nchini. Uliza kama hiyo imo. Shirika la Afya Duniani na taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, hutoa maandishi ambayo mtu aweza kuyasoma bila kununua cho chote. Sheria ya Afya ya 2017 yaitambua tiba ya asili, lakini sheria kuitambua tiba si sawa na kuthibitisha kila chupa. Ukikuta mashahidi wawili wasiojuana wanakubaliana, tumaini lako lina msingi. Ukikuta mmoja tu, naye ndiye mwenye duka, funga mfuko wako.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Uliza kwa adabu, kwa kuwa anayeulizwa huenda akawa mzee wako. Lakini uliza, kwa kuwa atakayeinywa dawa hiyo huenda akawa mama yako.