Buzebazeba: Dagaa Elfu au Sangala Mmoja?

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kununua dagaa wa Kigoma kwa fungu au kwa kopo, huenda hukupata kujiuliza ni shauri gani hukatwa ziwani kabla dagaa hao hawajafika katika sufuria yako. Shauri lenyewe ni la zamani: je, mvuvi avue samaki wadogo walio wengi, au wakubwa walio wachache? Ukitaka kulielewa, fika Buzebazeba.

Buzebazeba ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, mji ulio pacha. Upande mmoja ni Kigoma, yenye bandari na stesheni ambayo Reli ya Kati iliifikia mwaka 1914. Upande wa pili ni Ujiji ya kale, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Katika mji huu jikoni huongozwa na ziwa. Ugali wa muhogo ukisongwa, mawese yakichemka, linalobaki ni kitoweo, nacho ama ni dagaa ama ni mgebuka.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Mgebuka mmoja akiwekwa mbele ya watu wanane, yupo atakayepata mnofu, yupo atakayepata kichwa, na yupo atakayeambulia mchuzi. Bakuli la dagaa halina ugomvi huo; kila mtoto hupata fungu lake. Tena dagaa huliwa mzima, mifupa na kichwa, na kwa hiyo humpa mtoto madini ya kujenga mifupa ambayo mlaji wa mnofu mtupu huyatupa jalalani. Akikaushwa juani husafiri mbali bila barafu. Ndiyo maana kwa miaka mingi magunia ya dagaa wa ziwa hili yamewafikia wafanyakazi wa Tabora na Dar es Salaam, na hata wa migodi ya shaba ya Zambia na Kongo.

Sasa teremka ufuoni. Nenda Kibirizi au Ujiji wakati jua linapotua, katika siku za giza ambazo mwezi haujachomoza, utazame mitumbwi ikitoka. Zamani wazee waliwasha moto wa kuni mtumbwini na kuwachota dagaa kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai na nyavu kubwa za kuinuliwa, na siku hizi zimeingia taa za umeme wa jua. Kanuni haikubadilika: taa huvuta vidudu vya majini, vidudu huvuta dagaa, na dagaa humvuta mgebuka. Usiku wa mbalamwezi mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, na wavuvi wengi hupumzika.

Liangalie vizuri ziwa hilo, ndugu msomaji. Lina kina kinachofikia mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina. Lakini kilindi chake hakina hewa ya kuwatosha samaki. Samaki wamo katika tabaka la juu. Chakula kilichozama hurudi juu hasa pale upepo wa kusi, uvumao kati ya Mei na Septemba, unapoyavuruga maji. Wataalamu wameonyesha kwamba maji ya juu yamezidi kupata joto na hayachanganyiki kama zamani. Kwa hiyo chakula cha samaki hupungua. Ghala, basi, si kubwa kama linavyoonekana kwa macho.

Katika ghala hilo dagaa ni mazao ya muda mfupi. Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, akiwa na urefu wa karibu sentimita 7, na huzaa kwa wingi. Nguvu yake ilithibitika mbali na hapa: aina mojawapo ya dagaa wa Tanganyika ilipandikizwa katika Ziwa Kivu na katika bwawa la Kariba, na huko kote ukazaliwa uvuvi mpya. Sangala hana haraka hiyo. Huhitaji miaka kabla ya kuzaa, na kila siku ya ukuaji wake hugharimu samaki wadogo wengi. Anayekula sangala mmoja amekula pia dagaa wote waliomnenepesha.

Waliokwisha kuonja matokeo wapo jirani. Meli za makampuni zilianza kuvua kwa nyavu kubwa upande wa Burundi katika miaka ya 1950, na upande wa Zambia katika miaka ya 1960. Sangala wakubwa ndio waliotangulia kuadimika. Huko Mpulungu meli hizo zikabaki kutegemea migebuka karibu peke yao. Ama zile za Burundi, biashara yao ilikwisha katika miaka ya 1990.

Je, jibu ni kuvua wadogo tu? Kwa sehemu kubwa, ndiyo: dagaa ndiye awezaye kuwalisha wengi na kurudi upesi. Lakini tusichanganye samaki mdogo na samaki mchanga. Dagaa wa sentimita 7 ni mtu mzima. Sangala wa urefu huo ni mtoto mchanga. Watoto wa sangala hukulia karibu na ufuo, katika majani ya majini. Kokoro linalokwangua ufuo huo huzoa wadogo wa leo na wakubwa wa kesho kwa mvuto mmoja. Mtaka yote hukosa yote.

Kwa sababu hiyo Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, ili samaki wazae. Miezi 3 si muda mfupi kwa baharia anayelipwa kwa mgawo wa mavuno, wala kwa mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika na kuwauza kulisha nyumba. Mzigo wa kulipumzisha ziwa huwaelemea kwanza wale wenye akiba ndogo. Kuwasaidia wapite kipindi hicho ni sehemu ya kulihifadhi ziwa lenyewe.

Nawe mlaji wa mbali unayo kura yako. Utakaponunua fungu lako, lichambue kabla ya kulipa. Ukiona dagaa waliokomaa, wamelingana, nunua kwa moyo mkunjufu. Ukiona vitoto vya migebuka na vya sangala vimechanganyika humo, mwulize muuzaji vimetoka wapi, kisha nenda kwenye meza nyingine.