Miguu Imeisha

Tuliondoka Musoma alfajiri ya Jumatatu, mimi na mwanangu Magesa, tukiwa na mkoba mmoja wa nguo, chupa mbili za maji na barua ya rufaa niliyoikunja nikaitia ndani ya Biblia isichanike. Magesa alikuwa na miaka 8 na hajawahi kuvuka Bunda. Usiku kucha aliniuliza kama Mwanza kuna magorofa marefu kuliko mnara wa simu wa mtaani kwetu.

Ugonjwa wake tuliujua tangu akiwa na miaka miwili, vidole vya mikono na miguu vilipomvimba kwa pamoja hadi ngozi ikang'aa. Madaktari huandika selimundu. Sisi mtaani tunasema sikoseli. Maumivu tulishajifunza kuyatambua. Mtoto akishika mguu na kulia, hatuulizani, tunachukua bodaboda kwenda hospitali. Lakini nani amewahi kukimbiza mtoto hospitali kwa sababu amechoka? Alikuwa akitoka shule anaangukia mkekani na sare yake, chakula kinapoa. Akitumwa dukani, njiani anakaa mara mbili. Kwenye ripoti ya muhula mwalimu wake aliandika, "Ni mvivu, ajitahidi." Nami nilipoisoma nilitikisa kichwa kukubali. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nilikuwa mama yake na nilikuwa nikimwona kila siku.

Kilichotupeleka Mwanza ni daktari wa kliniki yetu, aliyemtazama macho yake ya manjano na viganja vyake vyeupe, akaniambia, "Mama Magesa, mpeleke Bugando wamwangalie vizuri. Huyu mtoto anachoka kupita kiasi."

Musoma hadi Mwanza ni kilomita zipatazo 220. Kwa mtu mzima si safari ya kutisha. Kwa Magesa shida ilianza kabla hata hatujamaliza mji. Abiria wa mbele alifungua dirisha, upepo wa asubuhi ukampiga kifuani. Baridi ni adui wa watoto hawa, inaweza kuwaamshia maumivu, nikamvika sweta na khanga yangu juu yake. Halafu maji. Nilikuwa nimeambiwa anywe sana, na anywaye sana hukojoa sana. Figo za watoto wenye sikoseli hushindwa kukoleza mkojo, kwa hiyo maji hupita tu. Tulipokaribia Lamadi alikuwa ameshabana magoti.

"Konda, mtoto anaomba kuchimba dawa."

"Mama, si tumesimama Bunda sasa hivi tu hapa? Mvumilie mpaka Magu."

Abiria wawili watatu wakaguna. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekumbatia ndoo ya dagaa akasema kwa sauti, "Simamisha gari, mwanangu. Wewe hukuwahi kuwa mtoto?" Gari likasimama. Nilishuka naye nikisikia aibu, kama vile ninaomba upendeleo. Leo nisingesikia.

Kabla ya hapo, karibu na geti la Ndabaka, ambako hifadhi ya Serengeti inafika barabarani, tulikuwa tumeona nyani, kundi zima, mmoja amembeba mtoto mgongoni. Magesa alisimama juu ya kiti akapiga kelele hadi abiria wakacheka. Dakika kumi baadaye alikuwa amelala, kinywa wazi, jasho likimtoka puani. Nilidhani ni ulevi wa gari. Nilikuwa bado sijajua kwamba hata furaha inamla nguvu, kwamba kuruka kwa shangwe na kubeba ndoo ya maji, kwa mwili wake, vinatoka kwenye akiba ileile.

Tulifikia kwa mdogo wangu, Mabatini. Anayeijua Mwanza anajua nyumba za kule zilivyopanda milima, zimekaa juu ya mawe, na njia za kwenda kwenye nyumba hizo ni ngazi na vichochoro kati ya mawe. Ilikuwa saa tisa, jua kali. Tulipanda kidogo, Magesa akakaa juu ya jiwe. Nikamwinua. Tukapanda tena kidogo, akakaa. Mimi nina mkoba kichwani, nina njaa, nina usingizi wa safari. Nikamfokea mbele za watu: "Acha uvivu, Magesa! Huoni watoto wenzio wanavyopanda?" Kweli walikuwapo watoto wenzake, wadogo kuliko yeye, wanapita mbio na madumu ya maji.

Hakulia. Aliniangalia tu akasema, "Mama, miguu imeisha."

Hakusema inauma. Imeisha, kama unga unavyoisha kwenye debe. Mdogo wangu alishuka akambeba mgongoni, mtoto wa miaka 8, miguu inaning'inia. Usiku ule nilikaa macho nikimsikiliza anavyokoroma.

Asubuhi hatukujaribu tena. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima, na mimi nilishajifunza vilima. Tulichukua bajaji hadi mlangoni.

Kwenye benchi la kliniki kulikuwa na watoto wengi kuliko nilivyowaza. Macho ya manjano kama ya Magesa, mikono myembamba, matumbo yaliyotangulia mbele. Alikuwa hajawahi kuona mtoto mwingine mwenye ugonjwa wake. Kijana mmoja wa kama miaka 12 alimsogelea akamuuliza, "Na wewe unachokaga?"

"Nachokaga."

"Ukitoka shule?"

"Hata nikiwa kulekule shule."

Yule kijana akatikisa kichwa kama mzee aliyesikia habari anayoijua. Wakakaa pamoja wakaangalia simu ya mtu. Nilikuwa nimemzaa na kumlea miaka minane, na swali lile sijawahi kumuuliza hivyo, bila lawama ndani yake.

Nesi alimchoma kidole, tone la damu likatoka, jekundu la maji maji, likaingia kwenye kijikaratasi cha mashine. Namba ya wingi wa damu ikatokea: 6.8. Nilijua kidogo kwamba mtoto mwenye afya hutakiwa kuwa na 11.5 au zaidi. Nikasema mara moja, "Sista, basi aongezewe damu."

Akaniambia nikae. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Hakuanza na ugonjwa, alianza na siku ya Magesa. Anaamka saa ngapi? Anaamka amepumzika au anaamka amechoka? Anatembea umbali gani kwenda shule? Anakaa dawati la juani? Analala saa ngapi, na usiku anaamka kwa maumivu? Anakoroma? Nilipojibu hilo la kukoroma aliinua macho akaandika. Alieleza kwamba watoto hawa mara nyingi mafindo yao hukua yakaziba njia ya hewa, na mtoto akikosa hewa ya kutosha usiku, anaamka kama mtu aliyelima usiku kucha.

Kisha akachukua kalamu akachora duara kwenye bahasha, na pembeni yake mundu. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mwingine, akasema, huishi siku zipatazo 120. Ya Magesa hujikunja ikawa kama mundu, ikakakamaa, ikavunjika ndani ya siku 10 hadi 20. "Sasa fikiria, Mama Magesa. Una nyumba ambayo kila wiki mbili inabomoka, na fundi anatakiwa ajenge tena usiku na mchana. Huyo fundi ni mwanao. Akifika shule asubuhi ameshafanya kazi."

Nilitazama ile bahasha. Nikakumbuka lile jiwe la Mabatini.

Kuhusu kuongezewa damu, daktari alinieleza baadaye alipomlaza Magesa kitandani na kumbonyeza ubavu wa kushoto kutafuta bandama. Mwili wa mtoto huyu umeizoea 6 na 7, akasema. Haongezewi damu kwa kuwa namba ni ndogo tu. Damu nzito huweza kupita kwa shida zaidi, na anayeongezewa mara nyingi hurundika madini ya chuma mwilini, yakadhuru ini na moyo. Ndiyo maana pia ile dawa ya kuongeza damu niliyokuwa nikimnunulia duka la dawa, yenye chuma, hakutakiwa kupewa bila kupimwa. Juisi ya choya niliyokuwa nikimpa pia hakuikataa. "Mpe, ni nzuri, lakini usiitegemee."

Alinishika mkono akaniwekea vidole pale pale chini ya mbavu, nijifunze kuipapasa bandama mwenyewe. Nikiisikia imevimba ghafla, na mtoto amepauka na kulegea kuliko kawaida yake, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Uchovu wa kila siku ni kitu kimoja, uchovu unaokuja kwa kasi ni kingine, na mama anatakiwa aujue wa kila siku ili autambue ule mwingine. Homa vilevile, na malaria zaidi ya yote.

Hapa kuna jambo lililonikaa moyoni muda mrefu. Ndugu wa mume wangu walikuwa wakisema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Daktari alisema mtoto huchukua upande mmoja kwa baba na mmoja kwa mama, na wazazi wakiwa wote wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Wabebaji wenyewe kwa kawaida hawaumwi, tena wana kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo sababu hali hii imeenea sana kandokando ya ziwa na pwani. Baadaye nilisoma kwamba mtafiti aliyekulia Kenya, Anthony Allison, aliyegundua uhusiano huo na malaria na kuuchapisha mwaka 1954, alipima pia damu za watu wa Musoma. Kati ya watoto wachanga 287, tisa walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kati ya watu wazima 654, watano tu. Nilizisoma namba hizo nikiwa nimeketi jikoni, nikaelewa kwamba zinazungumza juu ya watoto wa kwetu ambao hawakukua. Walioitwa wavivu humo walikuwa wangapi?

Magesa aliandikiwa haidroksiyurea, kidonge kimoja kila siku, pamoja na vidonge vyake vya foliki. Dawa hiyo huufanya mwili utengeneze zaidi aina ya damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo haijikunji. Haifanyi kazi kwa wiki moja. Itachukua miezi, na atakuwa akipimwa damu mara kwa mara. Tulipewa pia tarehe ya kuonana na daktari wa masikio na koo. Mwisho nesi alichukua chupa ya maji ya Magesa akaipiga mistari mitatu kwa kalamu ya wino: hapa kabla ya saa nne, hapa saa sita, hapa kabla ya kutoka shule. Akamwambia yeye mwenyewe, si mimi, "Usingoje uchoke ndipo ukae. Kaa kabla." Kisha akaandika barua kwa shule: aruhusiwe kunywa maji darasani, aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili, akae kivulini wakati wa mbio, asichapwe kwa kusinzia.

Siku ya kurudi nilifika stendi ya Nyamhongolo mapema nikaongea na konda kabla ya kupanda. Nilimweleza ugonjwa kwa jina lake, nikamwambia tutasimama mara mbili au tatu. Alinisikiliza akasema, "Sawa mama, kaeni mbele hapa, ukihitaji niguse bega." Kumbe ilikuwa ni kusema tu. Tulisimama Magu, tukasimama Lamadi. Nyani walikuwapo tena. Safari hii Magesa aliwaangalia akiwa amekaa, akacheka taratibu, akanywa maji.

Tulishuka stendi ya Bweri jioni. Vijana wa bodaboda wakatuita, lakini Magesa alitaka kutembea kidogo, awahadithie wenzake kwamba alitembea toka stendi. Nikakubali. Tukapita vibanda vya chipsi, tukapita fundi baiskeli. Mbele ya duka la mahindi alinivuta khanga.

"Mama, tukae hapa. Haijaisha, bado ipo."

Nikashusha mkoba. Mwenye duka akatusogezea benchi, tukakaa wote wawili, yeye akainua chupa yake juani kuangalia amebakiza kiasi gani kufikia mstari wa tatu.