Patasi ya Buku Tano Ilivyonipeleka Gerezani!

MSOMAJI wangu, usishtuke na hicho kichwa cha habari. Sikumwibia mtu. Gerezani ninayoisema ni ile iliyopakana na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, ambako mlio wa nyundo unakupokea kabla hata hujatua chini kutoka kwenye daladala.

Kisa chenyewe ni mdogo wangu. Alipata nafasi ya kujifunza useremala kwa mzee mmoja kule Keko, ila kwa sharti moja: aje na patasi yake, ya inchi moja. Kaka mtu nikajitosa. Nikaingia duka moja Kariakoo, nikachomoa buku tano, nikatoka na patasi inayong'aa kama kijiko cha harusi, mpini wa plastiki mwekundu, na maneno ya Kizungu ya kusifia chuma chake. Nikajiona mtoto wa mjini.

Siku ya tatu dogo akarudi nayo, makali yamejikunja kama sikio la mbuzi. Alikuwa anachimba tundu la ulimi kwenye mguu wa kitanda cha mninga. Mzee kamwambia Jumatatu aje na patasi ya kazi, la sivyo abaki kwao.

Nikafunga safari mpaka Keko. Makochi na vitanda vimepangwa nje, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyemnunulia mwenzio kijiko?"

Vijana wakaangua kicheko. Nikajitetea: "Mzee, si wahenga walisema mchagua jembe si mkulima?"

"Walisema jembe. Hawakusema patasi."

Akafungua sanduku, akatoa patasi kuukuu iliyoliwa na kinoo mpaka imebaki nusu. Ina mhuri wa Sheffield, mji wa Uingereza uliojijengea jina kwa chuma cha pua tangu karne ya 18. Aliinunua mtumba, na bado inakata.

Akanipa somo la bure. Pitisha tupa taratibu karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimeiva. Ikila, bado kibichi. Kikiiva kupita kiasi nacho ni balaa: hakijikunji, kinamegeka. Kisha laza mgongo wa patasi juu ya kioo. Ukichezacheza, utanoa mpaka mikono iote sugu. Maneno ya shingoni yanakwambia kilichochanganywa kwenye chuma, hayakwambii kilichomwaje.

Patasi ya mtumba kama yake niliitafuta, nikaambiwa elfu ishirini. Mfukoni sina. Ndipo nikaishia Gerezani kwa mhunzi anayefua patasi kwa springi za magari chakavu.

Nilikaa pale saa nzima. Kipande cha springi kikaingia motoni, kikafuliwa, kikapata umbo. Kikarudi motoni mpaka kikawa chekundu, kikazamishwa kwenye oili, chwaa! Nikadhani basi. Kumbe bado. Akakisugua kikang'aa, akakipasha tena polepole mpaka makali yakageuka manjano kama nyasi kavu, akakipoza haraka. Hatua hiyo ndiyo inayozuia makali yasimegeke.

Bei? Elfu nane, pamoja na mpini wa mti na pete ya bomba la chuma. Sura mbaya, nyeusi kama mkaa. Nikaomba tupa, nikapitisha. Ikateleza!

Piga hesabu mwenyewe: ningeanzia Gerezani ningetoa elfu nane tu. Ujanja wangu umenifikisha elfu kumi na tatu, na nusura umkoseshe dogo kazi ya kumlisha maisha yake yote.

Jumatatu jioni nikamuuliza mzee kasemaje. Dogo akacheka. Eti hakusema kitu. Aliishika, akajaribu makali kwenye ukucha, akaanza kuitumia yeye. Karudishiwa saa kumi!

Ile ya buku tano tunayo nyumbani, inafungulia makopo ya rangi. Kwa kazi hiyo haina mpinzani.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.